Roketi Zinazorudi, na Parabole Niliyoing'ang'ania Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia Kasongo nimeshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia ya kutoka kwetu ilikuwa tope tupu, na viatu vyenyewe nilikuwa nimeazima kwa shemeji. Nilitaka mkubwa wa kazi avione vikiwa safi. Nilinawa miguu kwenye mtaro nyuma ya ghala la dawa, nikavivaa, nikabisha hodi. Wakati huo nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, nami nilikuwa na cheti cha shule ya ufundi na njaa ya kweli.

Ofisi ya mawasiliano ya vituo vya afya vya misheni ilikuwa chumba kimoja. Ndani mlikuwa na meza, betri mbili za gari, na fonii. Ninyi vijana wengi hamkuiona fonii ikifanya kazi, kwa hiyo nieleze: ni redio ya masafa marefu, ambayo sauti yake hupanda juu angani, ikagonga tabaka la hewa lililo mbali sana, ikarudi chini mahali pengine. Ukiwa Kasongo unaweza kuongea na Kabambare bila waya wala mnara. Antena yake ni waya tu uliofungwa kati ya miti miwili, lakini ole wako ukikosea urefu wake kwa kiganja kimoja.

Mkuu wa Ufundi alikuwa Furere, mtawa mzungu mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto wa kuchomelea. Alinitazama viatu kwanza, kama nilivyotaka, kisha akaniuliza:

«Unajua soudure?»

«Kidogo, Furere.»

«Kidogo iko ngapi?»

Akanipa chuma cha kuchomelea na chombo kilichofunguliwa, akaniambia nitoe kipande kilichoungua na kuweka kipya. Nilimaliza. Yeye alikichukua kile kipande cha zamani akakitupa shimoni nyuma ya ofisi. Alipogeuka nilikwenda kukiokota, kwa sababu kwetu hatutupi kitu chenye chuma ndani yake. Aliniona.

«Acha,» alisema. «Ile imekufa. Kwetu tunatupa, tunaweka mupya.»

Hakusema kwa dharau, alisema tu. Lakini neno lile lilinikaa. Nilijiambia: kumbe mzungu hatumii kitu mara mbili, anayerudia kutumia ni maskini kama mimi. Miaka yangu yote ya kazi nilitembea na wazo hilo mfukoni, na nitawaeleza lilinifikisha wapi.

Kazi ya fonii ilikuwa kazi ya sauti na subira. Kila asubuhi na kila alasiri kulikuwa na vakasio, yaani saa iliyopangwa ambayo vituo vyote vya afya hufungua redio na kuitwa mmoja mmoja. Nyangwe anajibu, Lusangi anajibu, Kabambare anajibu. Asiyejibu mara mbili, fundi anapanda baiskeli. Nyangwe nilikwenda mara nyingi hata wavuvi wa pale wakawa wananiuliza habari za watoto wangu kwa majina. Ukifika unakuta betri imekauka, au chombo kizima hakina tatizo lolote ila muuguzi amekwenda msibani. Unakunywa maji, unarudi.

Furere alirudi kwao akiwa mzee. Baada yake alikuja Mkuu wa Mawasiliano, mhandisi wa Kizaire aliyesomea mambo ya setilaiti, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi hata katikati ya pori. Huyo ndiye aliyetuletea parabole, sahani kubwa ya kunasa mawimbi ya setilaiti. Alitukusanya mafundi watatu uani, akachora dunia kwa kijiti na duara kubwa kuizunguka.

«Setilaiti iko huku, juu ya ekweta,» alisema. «Kilometa elfu makumi tatu na sita. Inazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana munaiona kama imesimama. Nyinyi kazi yenu ni moja tu: kuangalia fasi moja, na kutotikisika.»

Parabole zetu zilikuwa na upana wa kumzidi mtu mrefu aliyelala. Kuielekeza kulitaka namba tatu: upande kwa busoli, yaani dira, mwinamo kwa kifaa chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, na mzunguko wa kile kichwa cha katikati kinachopokea na kutuma mawimbi. Ukishakaribia, unapiga simu ya setilaiti ya kukodi kwa mtu wa kituo kikuu, mbali kabisa, Ulaya, anayeona mawimbi yako kwenye kioo chake. Anakwambia kushoto, unagusa nati. Anakwambia umepita, unarudisha unywele mmoja. Jua linakuchoma utosi, jasho linaingia machoni, na huruhusiwi kupangusa kwa sababu mkono uko kwenye spana. Nilikuwa hodari kwa kazi hiyo. Nasema bila kujidai, kwa sababu leo haina faida kwa mtu yeyote.

Kwa kuwa sisi tuko karibu na ekweta, setilaiti ile iko karibu juu ya utosi wetu, na parabole haisimami kama zile za picha za Ulaya. Inalala chali. Mvua ikinyesha inajaa maji. Tulijifunza kutoboa tundu chini yake, jambo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda. Lusangi nilifika siku moja kwa sababu kituo kilikuwa kimya tangu juma lililopita, nikakuta parabole imejaa mihogo iliyokatwa, inakauka vizuri sana. Nilimkasirikia mama mmoja mzee aliyekuwa anaigeuza. Akanitazama kwa upole.

«Kintu kikubwa, cheupe, kimelala kinaangalia jua,» alisema. «Ulitaka tukifanyie nini, muzee? Tukiamkie?»

Tuliitoa mihogo pamoja, na aliponiaga alinipa kilo kadhaa za unga. Nyigu pia walipenda kujenga ndani ya kile kichwa cha katikati. Radi ilipenda kila kitu.

Nieleze pia jambo lililonitia woga, ili msinihukumu kabla ya wakati. Asubuhi moja parabole zetu zote zilinyamaza kwa mpigo mmoja. Nilikagua nyaya, betri, nati, nikalala chini ya parabole ya Kasongo siku nzima na spana. Kumbe kosa halikuwa kwetu. Kampuni iliyotuuzia mawimbi ilikuwa imefilisika, ikazima. Tulirudi kwenye fonii karibu mwaka mzima, tukiomba chombo cha kampuni nyingine. Tangu hapo kila mtu aliponiletea habari za kitu kipya kutoka angani, swali langu lilikuwa moja: huyu atakuwepo mwakani?

Binti yangu wa kwanza anaitwa Feza, ndiyo maana hapa mjini wananiita Papa Feza na wengi hawajui jina langu lingine. Alisomea uuguzi. Alipomaliza alipewa kituo cha afya upande wa Kabambare, siku nzima ya pikipiki kupita Kabambare penyewe, na siku mbili mvua ikianza. Mama yake alilia. Mimi nilijigamba, kwa sababu parabole ya kituo kile niliisimamisha kwa mikono yangu. Nilimwambia mke wangu: usilie, mtoto hayuko mbali, ninamsikia kila siku. Na kweli nilimsikia, ijapokuwa kwa setilaiti ile ya mbali sauti inachelewa kidogo, unasema neno na kungoja, kama mtu anayefikiri kwanza.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Mratibu wa huduma zetu za afya, daktari kijana kuliko Feza kwa mwaka mmoja au miwili, mwenye heshima sana. Serikali ilipotoa ruhusa ya intaneti ya setilaiti za chini, wafadhili walitaka kutupa vyombo vichache vya aina hiyo. Ni bamba jeupe lenye ukubwa wa sinia, linajitafutia setilaiti lenyewe. Mratibu aliniita ofisini mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kinakaribia kwisha.

«Papa Feza, wewe ndiye mukubwa wa ufundi hapa,» alisema. «Mimi sitaweka kitu ambacho wewe hautaki. Uniandikie avi yako.»

Avi ni maoni ya kitaalamu, karatasi moja yenye sahihi. Nilimwomba siku mbili.

Nilisoma nilichoweza. Setilaiti hizo haziko mbali kama zile zetu, ziko chini, kilometa mia kadhaa tu, kwa hiyo haziwezi kusimama mahali pamoja, zinakimbia. Moja ikipita, nyingine lazima iwe inakuja, hivyo zinatakiwa maelfu. Tena kila moja baada ya miaka michache inashuka na kuungua, lazima irushwe nyingine. Nilikaa na kalamu nikawaza: ili kurusha maelfu bila kukoma unahitaji roketi bila kukoma. Roketi ni chombo kikubwa kuliko kanisa letu, kinaruka mara moja, kinaanguka baharini. Hakuna tajiri anayeweza kutupa vitu vya namna hiyo kila juma. Walikuwa wakisema kwamba roketi zao zinarudi, zinatua kwa miguu na kurushwa tena. Nilicheka peke yangu. Niliona video moja na nikasema ni sinema iliyorudishwa nyuma. Mzungu arudie kutumia kitu? Mzungu niliyemjua mimi alitupa shimoni hata kipande cha ukubwa wa kucha.

Feza alipiga simu kabla sijamaliza kuandika.

«Papa, nasikia wanaleta ile kadogo,» alisema. «Mutuletee. Hii yetu mvua ikianza tu inalala. Mwaka uliopita nilikaa juma nzima bila kutuma rapore.»

«Hiyo kadogo ni ya miaka miwili, mama, halafu watazima,» nilimjibu. Huku binti unamwita mama, ndiyo mapenzi yetu. «Wanadanganya kwamba fuzé zao, hizo roketi, zinarudi.»

Sauti ilichelewa kama kawaida, kisha akasema:

«Mimi sijui mambo ya fuzé, papa. Mimi niko huku.»

«Nitakuja kuikaza parabole mimi mwenyewe kabla ya mvua.»

Niliandika avi yangu kwa mwandiko mzuri: vyombo hivi visikubaliwe, kampuni haitadumu, parabole zilizopo zitunzwe. Nikaweka sahihi. Mratibu aliheshimu neno langu. Vyombo vilikwenda zoni nyingine ya afya. Na kwenda Kabambare kabla ya mvua sikwenda, kwa sababu mgongo ulinikamata, nikamtuma fundi mwingine aliyerudi akisema kila kitu kiko sawa.

Mwezi wa kumi radi ilipiga kituo cha Feza. Haikumgusa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini iliunguza kile chombo kwenye kichwa cha parabole kinachotuma mawimbi juu. Bila hicho parabole inasikia lakini haisemi, na fonii ya pale tulikwisha kuiondoa. Tuliagiza kingine. Kilikuwa kitoke nje ya nchi, kipite Goma, kipite Kindu, kisha barabara ambayo madereva wenyewe huomba radhi kwa wake zao kabla ya kuondoka. Kila juma niliulizia, kila juma kilikuwa njiani.

Katika siku hizo nilikwenda kwa Ramazani, jirani yangu, fundi wa pikipiki karibu na soko. Ramazani ndiye anayefufua injini za nusu ya pikipiki za Kasongo. Anakwangua silinda iliyolika, anaingiza pistoni kubwa kidogo, injini inaondoka na mwenye nayo analia kwa furaha. Nilimkuta ameketi juu ya tairi anaangalia simu, na akanivuta nione. Ilikuwa roketi inatua.

Nilianza kumweleza kwamba ni uongo. Akaniwekea kidole mdomoni kama mtoto, akairudisha video mwanzo. Sehemu ndefu ya chini ya roketi, ile yenye injini nyingi, ilikuwa imekwisha sukuma mzigo juu na kuachana nao. Inaanguka. Huko juu karibu na ncha yake kuna mapezi manne ya wavu wa chuma yanayoielekeza. Inakaribia, injini zinawaka tena kuipunguza mwendo, miguu minne inafunguka, inasimama juu ya mashua pana tupu katikati ya bahari. Moshi ulipotoka Ramazani aliisimamisha picha.

«Angalia masizi,» alisema.

Mwili wa roketi ulikuwa umechafuka, mweusi kutoka chini mpaka karibu na juu.

«Kama ni cinéma wangeipaka rangi iwe safi,» Ramazani aliendelea. «Mutu akitaka kukudanganya anakuletea kitu cha kungaa. Hii ilisharuka mara mingi. Wanaifungua, wanaangalia injini, wanasafisha fasi ya lazima, wanairudisha juu. Hawasumbukii hata kuiosha vizuri. Papa Feza, hii ni okazyo.»

Okazyo kwetu ni kitu kilichokwisha tumiwa na mwingine, kama zile injini alizokuwa amezipanga ukutani. Nilitazama masizi yale, nikatazama injini za ukutani. Mimi nimeishi maisha yangu yote kati ya watu wanaotumia kitu mpaka kiishe, halafu wanakitumia kwa kazi nyingine. Nilivaa viatu vya matairi nikiwa mtoto. Na kazi hiyohiyo ilipofanywa na matajiri, niliiona haiwezekani. Sikuwa nimekosea hesabu. Hesabu yangu ilikuwa sawa: roketi zikitupwa, kampuni inakufa. Nilikosea mtu: si kila mzungu ni Furere.

Hapo ndipo ilinipasa kutoka kwa Ramazani moja kwa moja hadi kwa Mratibu. Jengo lake lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilikwenda nyumbani nikala ugali. Nilijiambia kile chombo kilichoagizwa kimebakiza siku chache, kikifika nitakifunga, Feza atasikika, na hakuna atakayekumbuka avi yangu. Niliona haya, basi. Mtu mzima mwenye mvi, aliyefundisha mafundi wote wa huku, aandike karatasi ya pili kusema ile ya kwanza ilikuwa ujinga? Nilinyamaza juma la kwanza, la pili, na la tatu.

Katika juma la nne pikipiki iliingia uani kwetu imejaa tope hadi kwenye usukani. Dereva alinipa barua ya Feza, iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alisema daraja moja lilikuwa limekwenda na maji na amebeba pikipiki kwenye mtumbwi. Barua haikuwa na salamu ndefu. Surua imeingia vijijini, aliandika, ilianza na watoto watatu wa nyumba moja, sasa imefika kila mahali. Rapore ya kwanza, yaani ripoti ya wagonjwa, ameituma kwa mtu wa baiskeli majuma matatu yaliyopita. Je, haikufika? Vaksen za kuwachanja ziko wapi? Chini kabisa aliandika: papa, ninaita lakini hakuna anayesikia.

Rapore ya kwanza haikuwa imefika. Mtu wa baiskeli tulikuja kusikia kwamba aliugua njiani.

Nilikwenda kwa Mratibu na barua ile mkononi, sikuvua hata kofia.

«Mratibu, ile avi niliyoandika mwezi wa nane ni mbaya,» nilisema. «Nilikosea. Tena najua kwamba nilikosea, yamepita majuma matatu, na nilinyamaza.»

Alisoma barua ya Feza mara mbili. Kisha alianza kupiga simu, kwa Kindu, kwa watu wa vaksen, kwa daktari mkuu wa zoni. Aliponigeukia hakunifokea. Ningependa angenifokea.

«Zoni ya ngambo iko na chombo kimoja hawajafunga bado,» alisema. «Wanakituma. Utakwenda nacho wewe?»

«Nitakwenda.»

«Mugongo je?»

«Mgongo utakwenda nami.»

Vaksen zilitutangulia kwa siku nne, kwa ndege ndogo mpaka Kabambare na kwa pikipiki kuanzia hapo. Mimi nilifuata na bamba langu jeupe limefungwa kwenye godoro la sponji. Safari ile ilinimaliza. Kila kijiji tulichopita nilitazama kando ya njia, nikaona vilima vidogo vya udongo mbichi. Sikuvihesabu na sikumwuliza dereva. Yeye naye alikuwa akiongeza mwendo kila tulipovifikia.

Feza alikuwa amekonda. Alinisalimia kwa mikono miwili kama desturi, akanipa kiti, akaniletea maji, akaenda kumaliza watoto waliokuwa kwenye mstari. Nilifanya kazi peke yangu. Nilikata tawi moja la mchikichi lililoziba anga, nikaweka bamba juu ya nguzo, nikavuta waya mpaka kwenye betri. Sikutumia busoli. Sikumpigia mtu wa Ulaya. Bamba lilifikiri kidogo, likapata mawimbi, na kazi iliyonichukua siku mbili miaka iliyotangulia ikawa imekwisha kabla chai haijapoa. Kisha nilifungua nati za parabole yangu kubwa moja baada ya nyingine. Ziligoma. Nilikuwa nimezikaza vizuri.

Feza alikuja jioni ile kabla jua halijazama, akaketi, akatuma rapore zake zote za majuma yaliyopita kwa mfuatano. Nilimwona akitaja majina kwa sauti ya chini huku akiandika. Mengine nilikuwa nayajua, ni ya watoto wa watu walionisaidia kuchimba shimo la nguzo. Alipomaliza nilimwambia, «Nisamehe, mama.» Akasema, «Papa, nimechoka. Tutaongea.» Na mimi nilikuwa nimechoka. Tulikaa pale mpaka akaitwa.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Siku hizi ninaketi nyumbani, ninaamka mapema kwa mazoea ya vakasio ambayo hakuna anayeyaitikia. Vijana wanaofunga mabamba yale hawahitaji kujua setilaiti iko upande gani. Hilo halinisumbui kama wengine wanavyodhani. Kazi yangu iliuawa na roketi zinazorudi, na imekufa kifo cha haki, kwa sababu wagonjwa hawakuwahi kuhitaji ustadi wangu, walihitaji kusikika. Mimi nilichanganya mambo hayo mawili. Ninyi mtakaopewa kalamu ya kuandika avi, mtaichanganya pia, kila mmoja kwa namna yake. Ukigundua umekosea, usile kwanza.

Siku ya kuniaga walipamba ofisi kwa vitambaa, wakaleta kuku na ndizi, na Feza alipewa ruhusa akaja, akaketi mstari wa pili karibu na mama yake. Mratibu alisema mengi mazuri. Alisema mimi ni fundi ambaye hakuna kituo kilichowahi kumlalamikia, na watu wakapiga makofi. Kisha nikaombwa niseme machache.

Sisi mafundi tuna fishi, karatasi ya kila kazi, ambayo mwenye kituo hujaza sehemu ya maoni kabla ya kutia sahihi. Kwa desturi watu huandika «vizuri» na kurudi kwenye shughuli zao. Kutoka mfuko wa vyombo niliokuwa nao begani nilitoa ile ya kituo cha Feza, iliyo ya mwisho katika maisha yangu ya kazi, nikavaa miwani. Nilisoma tarehe, nikasoma jina la kituo, nikasoma maoni kama yalivyoandikwa: «Kazi imefanyika vizuri. Ingefanyika mwezi wa nane.»

Mratibu alitazama meza. Niliikunja karatasi, nikasema kwamba mwenye maneno niliyosoma yuko hapa, na kwamba kila neno ni kweli, kisha nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua fundi aliyemaliza aende wapi. Feza aliinuka kutoka mstari wa pili. Alipita kati ya viti, akaninyang'anya mfuko wa vyombo begani, akauvaa yeye.

«Twende nyumbani, papa,» alisema. «Sasa tutaongea.»